Kiu ya Nadhla

...si yeye basi, ni mchuuzi wa ngozi tena, ngamia watatu na punda mmoja, na wale wasichana wameshaanza kupiga matari, nani kawaambia wapige, na yule mchuuzi maskini kavuta hatamu kasimama katikati ya njia, anageuka kutazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine, hakuna, basi kainua mkono anapunga, kaamini, kaamini kweli kwamba watu wa Yathrib wameacha mitende yao na tende zimeiva wakaja kujipanga kwenye mawe meusi kumlaki yeye na ngozi zake zinazonuka, na kivuli kizima cha jabali, watu wote waliokaa humo, kikaangua kicheko, wanaume upande ule, wanawake upande huu, na Khulaida naye akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akajisikia anacheka, akanyamaza ghafla, maana hakutoka nyumbani kwa ajili ya kucheka, alitoka kwa mambo mawili na mambo hayo hayakai kifua kimoja, la kwanza ni kumwona Mtume akiingia, amani iwe juu yake, tangu habari zifike kwamba ametoka Makka hakuna anayelala vizuri mji huu, na la pili limesimama hapo karibu, mgongo mpana, ndevu zimeingia mvi, linacheka na wenzake kama mtu asiye na deni na yeyote, Wabra bin Makhshi wa Khazraj, aliyemuua Nadhla, kaka yake Khulaida, siku ya vita vya Buathi. "Mimi niliona nuru," anasema Ummu Jundab pembeni yake, ajuza wa jirani aliyebaki na meno ya nyuma tu, kila asubuhi ndiye wa kwanza kufika hapa na wa kwanza kupiga kelele, "wallahi niliona nuru inakuja na njia." "Uliona jua limepiga kwenye sufuria ya mchuuzi, bibi," anadakia mwanamke mmoja. "Sufuria wewe mwenyewe. Macho yangu mazima kuliko ya mumeo anayekosa mlango wake." Na kicheko tena, na mchuuzi kule mbali bado anapunga, na Khulaida moyo unamwenda mbio, unamwenda mbio tangu alfajiri, hajui tena ni furaha au ni hofu, labda ni moyo mmoja unapigwa na wachezaji wawili, leo anakuja, anahisi leo anakuja, na jana pia alihisi hivyo, na juzi, lakini leo hewa imekaa vingine, hata mbwa wa ngomeni hawakubweka... na kivuli kinapungua. Kivuli ndicho kinachofanya yote haya. Asubuhi mawe haya makubwa yalikuwa na kivuli cha kutosha kila mtu na ndugu zake, watu wa Aws, kabila lake Khulaida, huku, watu wa Khazraj kule, katikati wakaacha nafasi ambayo hakuna aliyesema iachwe, kisha jua likapanda, kivuli kikaanza kurudi miguuni mwa jabali, na kila kikirudi watu wanasogea, samahani ndugu, sogea kidogo, mguu wangu huo, mpaka nafasi ya katikati imekwisha na bega la Aws limegusana na bega la Khazraj, wasiotazamana usoni tangu vita wanapumuliana shingoni, na sasa kati ya Khulaida wa mwanzo kwa wanawake na Wabra wa mwisho kwa wanaume kumebaki pengo la kupita mbuzi, mbuzi aliyekonda, na nyuma ya Wabra, usitazame, Khulaida, usitazame, ameshatazama, nyuma ya Wabra amesimama Hazzal, mdogo wake Khulaida, amejitanda joho zito la sufu katika joto hili la kuivisha tende, na mwenye akili anajua mtu havai joho la sufu siku kama hii ila ni mgonjwa wa homa au kuna kitu anakificha.

Na Hazzal si mgonjwa, Hazzal mzima kama ngamia dume, alfajiri alimkuta kisimani akavuta ndoo akaiweka chini bila kunywa, "Dada, leo. Leo au basi tena," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeiba asali. "Leo nini?" akajifanya hajui, na anajua, mji mzima unajua, ushungi wake mweusi ndio unaowatangazia, maana siku walipomleta Nadhla juu ya ngao, damu imeshakauka shingoni, yeye Khulaida alisimama mbele ya wanawake wote wa kijiji chao cha Quba akala kiapo cha bibi zake, kwamba maji hayatagusa kichwa chake, wala mafuta, wala chanuo, mpaka damu ya kaka yake ilipwe kwa damu, na aliposema maneno yale alihisi amekuwa mrefu kama mtende, alikuwa msichana, alijua nini, hakujua kwamba nywele zisizooshwa zinakuwa mzigo, zinakuwa mnyama anayelala juu ya kichwa chako, zinawasha, zinanuka, mume wake alivumilia, maskini, alivumilia mwaka, kisha akahamishia tandiko lake juu ya paa akisema ni kwa ajili ya upepo, kisha akahamia milimani kwa mke mwingine na hakuna aliyemlaumu, na watoto wa mtaani wanashika pua, na yeye kichwa juu, mwanamke wa kiapo, wanawake wakimpisha njiani, heshima yote ile kwa ajili ya uchafu... "Leo Wabra amekuja bila kujifunika uso," Hazzal akasema kisimani, "miezi yote anakuja huku kwetu amejifunga kilemba mpaka machoni, na jamaa fulani wanampa ulinzi, leo anakuja wazi, anaona mambo yameisha. Hayajaisha. Mgeni akishafika tutamsikiliza, atasema damu za zamani ziwekwe chini ya mguu na mimi nitasema sawa, mimi si muasi, dada, mimi nimeamini kama wewe. Lakini bado hajafika. Leo bado ni jana." "Umesimama naye safu moja kwenye swala, Hazzal." "Nimesimama, ndiyo. Na kila nikiinama naona mguu wake karibu na wangu." Akalia, ndiyo, Hazzal yule mwenye mkono kama kigogo alilia kisimani, kisha akajifuta akasema hatafanya lolote bila neno lake, kwa sababu kiapo ni chake yeye mwanamke na mlipaji hulipa mwenye kiapo akisema, ndivyo ilivyokuwa kwa baba zetu, "wewe vua ushungi tu. Ukivua ushungi mbele za watu nikaziona nywele zako, mimi nitajua." Na yeye hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, alijitwisha ndoo akaondoka, na kutosema hapana si ni nusu ya ndiyo, ee Mola, ni nusu na zaidi, kwa nini hukusema hapana, Khulaida, mdomo ulikuwa na nini... Bundi. Ni yule bundi. Maana ndivyo walivyofundishwa tangu utotoni, aliyeuawa na damu yake haijalipwa, kichwani mwake hutoka bundi, anakaa juu ya kaburi, analia, ninywesheni, ninywesheni, mpaka anyweshwe damu ya muuaji, ndipo anyamaze, na yeye amemsikia bundi huyo, msimwambie hajamsikia, amemsikia kwenye mtende wa nyuma ya nyumba, amemsikia anaposaga shayiri, amemsikia hata katikati ya sijda, paji la uso liko chini kabisa na moyo umeanza kutulia, ninywesheni, ninywesheni, na sauti ni ya Nadhla, si ya ndege, ni ya Nadhla aliyekuwa na kiu siku zote, tangu mdogo, mama akisema huyu alizaliwa jangwani kimakosa, na alikuwa na mchezo wake, akipewa kiriba hanywi kwanza, anakiweka sikioni anakitikisa, anasikiliza maji yanavyocheza ndani huku amefumba macho kama mganga, halafu anatoa hukumu, "Yanatosha wawili," daima hivyo hivyo, yawe mengi au tone, yanatosha wawili, halafu anakunywa nusu na nusu nyingine anakupa wewe, na huyo ndiye aliyekufa juani Buathi, koo kavu, peke yake kati ya maadui, na hilo ndilo lisilomezeka, kifo wangekimeza, wanaume wanakufa, lakini kiu, amekufa na kiu, amekufa na kiu...

"Maji hayo yanakuja," mtu anasema, na kweli, kule mwisho wa kivuli mtu mmoja wa bustani za chini amefika na kiriba kimejaa mpaka kinavuja shingoni, anakipitisha mkono kwa mkono, wa kwanza anakunywa, anasema alhamdulillahi, anampa wa pili, na wa pili ni wa Khazraj na wa kwanza ni wa Aws, na hakuna aliyeona ajabu, na Khulaida aliona, akataka kupiga kelele kuwaambia tazameni mnachofanya, midomo ya nani imegusa kiriba cha nani, zamani kisima kikiingiwa na ndoo ya upande wa pili watu walikuwa wanachomoa panga, na hawa wanakunywa na kufuta ndevu na kusimulia habari za yule kijana msomeshaji aliyetumwa kutoka Makka, jinsi alivyosema kwamba Mtume akicheka meno yake yanaonekana kidogo tu, "Kidogo vipi?" "Kidogo, hivi." "Basi wewe ukicheka mbele yake jifunike, utamtisha mtu wa watu," na kicheko, na kiriba kinakuja, na Khulaida damu inamchemka kwa furaha jamani, haya ni mambo gani, ni nani huyu ambaye hajafika bado na kutokufika kwake tu kumefanya haya, akifika je, na akakumbuka siku ya kwanza alipoyasikia yale maneno, yuko nyuma ya ukuta wa bustani anatwanga shayiri, msomeshaji yuko upande wa pili na watu wachache, anasoma, na mchi ulimning'inia mkononi, hakujua kama ameacha kutwanga mpaka Ummu Jundab alipomwuliza kwa sauti kubwa, "Umekufa huko au vipi?" na alikuwa hajafa, alikuwa ndiyo kwanza ameamka, kuna Mmoja tu, na kuna siku ya kuulizwa, na kila mtu ataulizwa peke yake, si kwa kabila, si kwa ngome, peke yake, na jambo hilo lilimtisha likamfurahisha kwa pamoja kiasi kwamba usiku ule hakumsikia bundi, ndiyo, usiku ule mmoja, akasema labda amehama, lakini alirudi. Akajifunza kuswali. Akajifunza kutawadha, uso, mikono mpaka viwikoni, kisha kichwa, na hapo kichwani ndipo anapokwama kila siku, wenzake wanapitisha mkono uliolowa juu ya nywele, maji yanagusa ngozi, na yeye anakung'uta mkono kwanza mpaka ukauke kisha anaupitisha juu ya ushungi mweusi haraka haraka kama mwizi, kwa sababu ya kiapo, maji yasiguse, na yule dada anayewafundisha aliona, aliona tangu siku ya kwanza, alimtazama tu kwa huruma, na ile huruma ilimuuma kuliko kofi. Anamlaki Mtume na kichwa gani? Hilo ndilo swali, hilo tu, mengine yote mapambo. Kichwa cha jana chini ya kitambaa, na huku uso umeoshwa. Au avue ushungi sasa hivi, Hazzal afanye atakalofanya, kiapo kiishe, akaoge, apake mafuta, halafu anakuja Mtume anakuta nini hapa, anakuta damu kwenye mawe, anakuta Khazraj wamechomoa panga na Aws wamechomoa, wasichana wa matari wamekimbia, na Hazzal, Hazzal mdogo wake wa pekee aliyebaki, amelazwa kifudifudi, kwa sababu hawatamwacha, Khazraj hawamwachi, atakufa kabla joho halijamdondoka, na ni dada gani atakayekula kiapo kwa ajili yake, ni yeye yeye, atatoa wapi kichwa cha pili cha kuchafua... lakini Nadhla. Lakini kiu. Unamwacha na kiu, Khulaida? Wewe uliyekuwa unakunywa nusu yake?

Kiriba kimefika kwa jirani yake Wabra, yule jirani anakunywa kama ng'ombe, anaambiwa acha wengine, anasema mimi mkubwa wa mwili, na Hazzal amesogea, amesogea nusu hatua, mkono wa kulia umezama ndani ya joho, na macho yake hayako kwa Wabra, yako kwake yeye dada, yanauliza, na Khulaida alihisi vidole vyake mwenyewe vimeshapanda kwenye fundo la ushungi chini ya kidevu, vimepandaje, nani kavituma, vimeshika fundo, fundo lina jasho, fundo hili amelifunga mwenyewe alfajiri, kulifungua ni kuvuta ncha moja tu, na Ummu Jundab anasema, "Ona ona ona, vumbi lile, vumbi lile kule si la ngamia mmoja," na vichwa vyote vikageuka, na Khulaida naye akageuka, yeye, ni yeye, sasa, si sasa hivi jamani, bado sijaamua, nipe kidogo tu, na mtu akasema, "Kimbunga cha vumbi hicho, bibi, rudi upumzike," na vichwa vikarudi, na akajua jambo alilokuwa halijui, alipodhani ndiye anakuja, vidole vyake havikuvuta fundo, vilikaza. Vilikaza. Viliona aibu. Wabra amepokea kiriba. Wabra hakunywa, ni desturi ya mgawaji anywe mwisho, na yeye amejifanya mgawaji kwa upande wa wanawake kwa kuwa yuko mwishoni, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya Buathi uso wa mtu huyu uko mbele ya uso wake, karibu hivi, una makunyanzi karibu na macho, una kovu dogo kidevuni, ni uso wa mtu tu, alitegemea nini, pembe? Akamnyooshea kiriba kwa mikono miwili. "Kunywa," akasema, akasogea, akasema tena chini chini, hata Ummu Jundab hakusikia, na Ummu Jundab husikia hata mtu akimeza mate, "Kunywa, dada wa Nadhla. Yeye alikunywa." Nini? Amesema nini huyu? Anathubutu kulitaja jina... "Yeye nani?" "Kaka yako. Siku ile." Mwongo. Mwongo mwana wa mwongo, anaona joho la Hazzal nyuma yake anatafuta pa kutokea, lakini hajageuka nyuma hata mara moja, hajui, anatazama kiriba tu, kama mtu aliyebeba kitu njia ndefu na sasa mikono imemchoka. "Alipoanguka mimi ndiye niliyekuwa juu yake. Akasema maji. Nikampa kiriba changu, mikono yake ikawa haina nguvu ya kukishika, nikamwinulia mdomoni, akakataa. Akaniambia tikisa." Khulaida akamsogelea. "Akasema nini?" "Tikisa. Nikadhani mauti yamemchanganya. Nikatikisa. Akasema, hapa, akageuza sikio. Basi nikakiweka sikioni mwake nikatikisa. Akasikiliza. Akasema, yanatosha wawili. Akanywa, akanisukumia, akasema na wewe, na mimi nikanywa, kiu ilikuwa inaniua, dada wa Nadhla, nikanywa baada yake kiriba kimoja, halafu nikatazama na alikuwa ameshakwenda. Nimekuja huku nimejifunika uso siyo kwa kuogopa panga. Niliogopa nikikuona nitakwambia." ...Yanatosha wawili. Hakuna anayelijua neno hilo, mama amekufa, Hazzal alikuwa mdogo mno, ni lake yeye na Nadhla peke yao, na huyu hapa, huyu adui, amelichukua mdomoni miaka yote hii kama mbegu ya tende asiyojua pa kuitemea, alikunywa, alikunywa, hakufa na kiu, alitikisa akasikia akacheza mchezo wake mpaka mwisho na nusu yake akampa, nusu yangu akampa huyu, hakuwa na mwingine karibu, nusu yangu ile, na bundi, yuko wapi bundi, Khulaida akasikiliza, akasikiliza kwa kichwa kizima, akasikia matari yanagongwagongwa kwa mchezo, akasikia nyuki kwenye mitende, akasikia watu wanabishana kama meno yanaonekana au hayaonekani, na ndani hakuna sauti, kumbe nani alikuwa akilia ninywesheni, nani, kama Nadhla alishakunywa ni nani mwenye kiu, mimi, mama yangu, ni mimi, ni kichwa hiki, ni kichwa changu kilikuwa kinalia juu ya mabega yangu miaka yote na mimi nakipangusa kwa mkono mkavu.

Na kiriba kiko mikononi mwake, amekipokea lini, kizito, baridi, kinatoa jasho, na Hazzal amesogea tena, sasa anaweza kunusa mafuta ya shingo ya Wabra, macho yamemtoka pima, yanamwambia sema, sema, vidole vyako viko wapi, vua basi, na Khulaida akaona wazi, ubaya wa mambo ulivyo, kwamba akivua ushungi ili aoshe kichwa Hazzal ataona nywele, na Hazzal akiona nywele hatauliza zimetoka kwa nia gani, jambia litakuwa limeshaingia, na kumwita hawezi, kusema hawezi, ulimi umekauka wote umegeuka kipande cha ngozi cha yule mchuuzi, na hapo hapo furaha ikampanda, furaha ya ajabu, ya kitoto, ya kufanya utundu mbele za wakubwa, akakiinua kiriba, akakiweka sikioni, akatikisa, maji yakacheza ndani, na akaona uso wa Wabra unavunjika, akakipandisha juu zaidi, juu ya kichwa, ushungi umefungwa vile vile na fundo lake, na akakipindua. Maji! Ee Mola, maji yalikuwa baridi namna hii siku zote? Yakapiga kitambaa, kitambaa kikayazuia kidogo kama mlinzi mzee, kisha kikayaachia, yakaingia, yakaingia kwenye nywele zile ngumu, yakatafuta njia, yakafika kwenye ngozi ya kichwa, akapiga ukelele, hakujizuia, ukelele kama wa mtoto mchanga, yakashuka shingoni, mgongoni, yamebeba weusi wa kitambaa na vumbi la Buathi, yakadondoka kwenye mawe yakatoa moshi. "We! Maji ya kunywa hayo!" Ummu Jundab kamshika mkono, "We mwanamke, umerukwa na akili, watu wana kiu unajimwagia, maji ya..." na macho yake mazima kuliko ya mume wa mtu yakaenda kwenye ushungi uliolowa, yakaenda kwa Wabra, yakarudi, mdomo ukabaki wazi na meno yake ya nyuma yote yanaonekana, kisha kutoka mdomoni humo kikatoka kigelegele ambacho hakuna aliyedhani kifua kile bado kinacho, kirefu, cha harusi, na wanawake waliokuwa nyuma wakauliza nini, nini, kafika, na wa mbele wakasema, "Khulaida kalowesha kichwa! Khulaida kalowesha kichwa!" na vigelegele vikapokezana chini ya jabali, na wasichana, ambao hawahitaji sababu, wakashika matari wakapiga, na yeye Khulaida anacheka analia anachuruzika, anamtafuta Hazzal, Hazzal yuko pale pale nyuma ya mgongo mpana, uso mweupe kama unga wa shayiri, mkono bado ndani ya joho, hajui afanye nini nao, ni mkono ulioambiwa njoo ukafika ukakuta hakuna kazi, na Khulaida akatikisa kiriba sikioni mara ya pili, yamebaki kidogo, akakinyoosha juu ya bega la Wabra, mpaka kifuani mwa mdogo wake, kiriba kile kilicholowa hakishikiki kwa mkono mmoja. "Pokea, kinaniponyoka," akasema, "yanatosha wawili." Na Hazzal akatoa mkono, ulikuwa mtupu, akakishika kwa miwili, akakitazama sana. Akanywa. Kisha bila kumtazama usoni akamgusa Wabra begani kwa shingo ya kiriba, na Wabra akageuka ndipo akamwona, na joho, na nafasi ndogo iliyokuwa kati yao, akaelewa, akapokea, akanywa kilichobaki. Kivuli kimesogea tena, watu wakasogea. Njia ni tupu, nyeupe, vile vile, hakuna aliyekuja, na kule mbali mchuuzi wa ngozi aliposikia matari yanapigwa upya alisimamisha ngamia wake mara ya pili, akageuka, akapunga mkono, na safari hii Khulaida alimpungia.